Rubani wa Maji Mafupi

Kusini-mashariki mwa Marekani, pale ambapo jimbo la Florida humalizikia baharini, pana mlolongo wa visiwa vidogo uitwao Florida Keys, uliopinda kuelekea kusini-magharibi mpaka mji wa Key West. Na baina ya visiwa hivyo na bara limetandaa eneo la maji la kilomita za mraba zipatazo 2,200, ambalo huitwa Florida Bay. Ajabu ya ghuba hii si ukubwa wake bali ni uhaba wa kina chake, kwani kwa wastani hakizidi mita moja, na mahali pengi, maji yakipwa, matope hujitokeza na ndege wa miguu mirefu hutembea pale palipopita vyombo saa chache kabla. Chini kumeota majani ya bahari yanayowahifadhi kamba, kaa na samaki wachanga. Juu kumetapakaa visiwa vya mikoko. Na katikati hupita mikondo myembamba ambayo asiyeijua hupanda fungu, akakaa hapo siku nzima akingojea maji yamnyanyue. Hapa ndipo atafutapo riziki yake rubani ninayetaka kumweleza, na miezi yake mikubwa ni kuanzia Aprili hata Agosti, ambayo huko huishia katika joto kali na mvua za radi, ilhali sisi wakati huo tumo katika kusi na ubaridi wake.

Rubani huyu hauzi samaki. Sehemu kubwa ya ghuba imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Everglades, iliyofunguliwa mwaka 1947, na humo uvuvi wa biashara ulipigwa marufuku tangu mwisho wa mwaka 1985. Na hao anaowavua mgeni wake kwa ndoana, aghalabu hurudishwa majini wakiwa hai. Auzacho ni macho yake, na mikono yake, na maarifa ya maji aliyoyakusanya kwa miaka mingi, na kwa hayo mgeni mmoja au wawili humlipa mamia ya dola kwa siku moja. Si kazi ya kujianzia tu: anayetaka kuchukua abiria kwa malipo sharti apate leseni ya Walinzi wa Pwani wa Marekani, ambayo haipatikani ila kwa kuthibitisha siku 360 za kuwa majini, kisha kufanya mtihani wa sheria za bahari. Lakini leseni haimfundishi mtu samaki watakuwa wapi, maji yakiwa nusu ya kujaa na upepo ukivuma kutoka mashariki. Hayo hujifunza mwenyewe.

Uvuvi wenyewe ni wa zana nyepesi, yaani ufito mwembamba, mshipi usiostahimili uzito mkubwa, na aghalabu chambo kisicho chakula, bali manyoya yaliyofungwa juu ya ndoana kwa ustadi hata samaki akadhani ni kamba au kaa anayekimbia. Msomaji aliyezoea mshipi mnene wa kumvuta changu au kolekole chomboni bila mazungumzo ataona huu ni upungufu wa akili. Basi na aizingatie habari hii: mwaka 2001, karibu na Homosassa, pwani ya magharibi ya Florida, alivuliwa kwa ufito na manyoya samaki aina ya tarponi mwenye uzito wa ratili 202 na nusu, takriban kilo 92, na kiungo cha mwisho cha mshipi uliomshika kilikuwa cha kustahimili ratili 20 tu. Nguvu haikuweza kumleta samaki huyo. Kilichomleta ni maarifa ya kujua saa ya kuvuta na saa ya kulegeza, na nyuma ya mvuvi alikuwako rubani.

Chombo chake ni kidogo, cha futi 16 hadi 18, chepesi, chenye tumbo bapa, nacho huelea katika maji ya shibiri moja. Kina mashine ya kukifikisha mbali, lakini kikikaribia mahali pa samaki mashine huzimwa, na rubani hupanda juu ya jukwaa dogo lililosimikwa tezini, juu ya mashine, akashika upondo wake. Wavuvi wa mitumbwi na ngalawa wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa upondo ni nini. Wa huko ni mrefu zaidi, hufika futi 21, nao siku hizi haukatwi mwituni bali hutengenezwa kwa nyuzi za kaboni ili uwe mwepesi na mgumu. Jukwaa nalo si la kale: sifa ya kulibuni hupewa rubani Bill Curtis wa Biscayne Bay, katika miaka ya 1970, na kabla yake watu walisimama chini, wakaona nusu ya yale yanayoonekana leo. Kwani kwa kuinuliwa kiasi cha mita moja tu, jicho huupenya uso wa maji kwa pembe iliyo bora, na akivaa miwani ya kukata mng'ao, rubani huona mpaka chini: kivuli kinachokwenda juu ya mchanga, wingu la matope lililotifuliwa na samaki anayekula ameinamisha kichwa, ncha ya mkia iliyochomoza kidogo ikametameta.

Nami naona katika upondo ndipo ulipo utukufu wa kazi hii. Mtu husimama juu ya ubao mwembamba kwa saa nane, jua likimchoma, akisukuma chombo chenye watu watatu dhidi ya upepo na mkondo, na haruhusiwi kugonga ubavu wa chombo kwa upondo, wala kuuchomoa matopeni kwa kishindo, wala kuhamisha mguu wake kwa ghafla, kwa sababu katika maji ya magoti samaki husikia kila kitu. Naye ndiye wa kwanza kumwona samaki, kisha hana budi kumwonyesha mgeni ambaye macho yake hayajazoea. Kwa hiyo huhesabu chombo kama uso wa saa, omo likawa ndilo namba 12, akataja namba na umbali kwa sauti ya chini, na papo hapo hukizungusha chombo kwa upondo ili mgeni apate nafasi ya kutupa bila kuzuiwa na upepo. Yote hayo hutendeka katika muda wa pumzi chache. Wala ustadi huu haukuwa wa wanaume peke yao: katika miaka ya 1940, kisiwani Islamorada, walikuwako ndugu watatu wa kike, Bonnie Smith, Frankee Albright na Beulah Cass, waliokuwa marubani mashuhuri wa maji hayo, wakisukuma vyombo kwa mapondo mazito ya mti.

Samaki mkuu wa majira haya ni huyo tarponi. Ana magamba makubwa ya rangi ya fedha, mdomo mgumu uliopinda juu, na umri mrefu unaoweza kupita miaka 50. Tena ana jambo la ajabu, kwamba kibofu chake cha hewa humfaa kama pafu, hata akaweza kupanda juu, kunywa hewa na kurudi chini, ndiyo maana watoto wake huweza kuishi katika madimbwi ya mikoko yaliyo mabovu kiasi cha kuwaua samaki wengine. Kuanzia Aprili mpaka mwanzo wa Julai tarponi wakubwa hupita kando ya visiwa vya Keys kwa makundi, wakifuatana mmoja nyuma ya mwingine juu ya mchanga mweupe, na rubani huwangojea njiani tangu alfajiri, maana aliyetangulia kufika mahali pazuri hana sababu ya kuondoka, na aliyechelewa, kwa adabu ya marubani, hukaa nyuma yake wala hampiti mbele.

Wahenga wetu walisema hasira za mkizi ni tijara ya mvuvi. Hasira za tarponi ni hasara yake. Akishaguswa na ndoana huruka juu ya maji, mwili wote wazi, akitikisa kichwa na kuyapiga matamvua, na mshipi ukiwa umekazwa hapo hukatika, au ndoana huchomoka katika ule mdomo mgumu. Ndipo rubani hupaza sauti kumwambia mgeni ainame, aelekeze ufito kwa samaki na kuulegeza mshipi mpaka aanguke majini. Na wageni wengi, kwa hofu au kwa furaha, hufanya kinyume.

Kuna nyakati ambazo rubani huacha kulala vizuri. Mwishoni mwa Mei na katika Juni, karibu na mwezi mpevu au mwezi mwandamo, maji yakiwa yanatoka wakati wa jua kuchwa, nyungunyungu wadogo wa baharini waitwao palolo hutoka katika mashimo yao miambani ili wazaane, wakachukuliwa na mkondo kwa maelfu; na tarponi, ambao tangu asubuhi walidharau kila walichotupiwa, huja kuwala kwa shauku isiyo na mfano, midomo ikipasua maji kila upande hadi giza likaingia. Lakini haiwi kila jioni, wala hakuna awezaye kuweka ahadi.

Katika mlango wa Bahia Honda, chini ya daraja kuukuu la reli iliyofika Key West mwaka 1912 na kuvunjwa na kimbunga mwaka 1935, tarponi hukutana na adui yake, papa pingusi, ambaye huweza kuwa mrefu kama chombo chenyewe. Samaki aliyechoka kwa kuvutwa hana mbio za kumkimbia. Rubani mwenye imani akiona pezi refu limeinuka nyuma, hukata mshipi mara moja, hata kama mgeni alisafiri kutoka mbali kwa ajili ya samaki huyo mmoja, nami namsifu kwa hilo. Zamani tarponi waliletwa gatini, wakatundikwa kwa kulabu, wakapigwa picha, kisha wakatupwa, kwa kuwa nyama yao haipendwi huko. Sheria ya jimbo ya mwaka 2013 iliamuru kwamba tarponi, na samaki mwingine wa mafunguni aitwaye bonifishi, wavuliwe na kuachiliwa tu, na tarponi mwenye urefu wa zaidi ya inchi 40 asitolewe majini kabisa, ila kwa kibali maalumu cha anayetafuta rekodi.

Ikifika Julai wakubwa wameshapita, na joto hushika hatamu. Maji ya mafunguni hupita nyuzi 30, na kwa kuwa maji ya moto hayashiki oksijeni ya kutosha, bonifishi hupanda kula alfajiri tu, kisha hurudi kwenye kina kabla jua halijawa kali. Siku ya rubani huanza usiku na aghalabu huisha adhuhuri. Baada ya hapo mawingu hujengeka juu ya bara, meusi, na Florida ni miongoni mwa majimbo yanayopigwa sana na radi katika Marekani yote. Mtu aliyesimama juu ya jukwaa, katikati ya maji yasiyo na mti, mkononi ameshika upondo wa kaboni wa futi 21, hana haki ya kungoja samaki mmoja zaidi. Tena kuanzia tarehe 1 Juni mpaka mwisho wa Novemba ni msimu wa vimbunga, ambavyo huweza kufuta miadi yake ya wiki nyingi.

Lakini hofu yake kubwa haitoki mawinguni. Zamani maji baridi ya Ziwa Okeechobee yalishuka kusini polepole katika nyika pana ya nyasi, ndiyo Everglades yenyewe, mpaka yakaingia Florida Bay na kuipunguzia chumvi. Baada ya vimbunga vya 1926 na 1928, ambavyo vilisukuma ziwa juu ya watu na kuua maelfu, ukuta mkubwa ulijengwa kulizunguka, mifereji ya kuyatoa maji mashariki na magharibi ikapanuliwa, na barabara ya Tamiami Trail, iliyofunguliwa mwaka huo wa 1928, tayari ilikuwa imekatiza nyika kama boma. Ghuba ikabaki kutegemea zaidi mvua inayoiangukia. Mvua ikikosekana, jua huyakausha yale maji machache, na chumvi ikazidi ile ya bahari kuu. Kuanzia mwaka 1987 majani ya bahari yalikufa kwa maelfu ya hekta. Na mwaka 2015, chumvi ilipofika mahali pengine karibu mara mbili ya ile ya bahari, yakafa tena, kiasi cha hekta 16,000. Majani yaliyokufa huoza, sumu ya matope hupanda kwenye mizizi ya yaliyo hai, na mbolea ya uozo huo hulisha mimea midogo inayoyageuza maji kuwa mazito na ya kijani. Na rubani ambaye mali yake ni kuona mpaka chini husukuma chombo chake juu ya maji asiyoweza kuyapenya kwa jicho.

Ndiyo sababu watu hawa, ambao kwa tabia hupenda kimya na mahali pasipo na watu, wameingia katika siasa ya maji. Mwaka 2016 marubani wa pwani ya Fort Myers walianzisha jumuiya ya Captains for Clean Water, nao hukutana na watunga sheria wa jimbo huko Tallahassee na wa taifa huko Washington, wakidai utekelezaji wa mpango wa kuihuisha Everglades uliopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 2000. Sehemu za Tamiami Trail zimeinuliwa juu ya madaraja, la kwanza likakamilika mwaka 2013 na mengine mwaka 2019, ili maji yapite chini yake. Na kusini ya ziwa linajengwa bwawa kubwa la kuyahifadhi na kuyasafisha kabla ya kupelekwa kusini. Ndani ya hifadhi, katika baadhi ya mafungu, mashine zimekatazwa, kwa kuwa mapanga yake hukata majani na kuacha makovu yanayochukua miaka kupona. Na chombo hakipiti humo ila kwa injini ndogo ya umeme, au kwa kasia, au kwa upondo.