Mulika Mwizi Imemkaribisha Mwizi

Ile simu ndogo yenye tochi kichwani, ambayo Wakenya waliibatiza jina la mulika mwizi, bado inaonekana mikononi mwa wakulima wengi wa majani chai. Usiku humwangazia mwenyewe njia ya kwenda zizini, na mchana humpokelea pesa. Lakini, ndugu msomaji, siku hizi jina hilo limekuwa kinyume. Mwizi hamulikwi tena. Amepata mlango wake wa kuingilia, na mlango huo ni simu yenyewe.

Jambo hilo lilizua mjadala mkali asubuhi moja hapa Sosiot, katika eneo la Belgut, Kaunti ya Kericho. Mvua ilikuwa imewakusanya watu katika hoteli moja ndogo, vikombe vya chai ya maziwa na mandazi mbele yao. Kisa chenyewe kilimhusu nyanya mmoja mjane, mkulima wa majani chai, ambaye bonasi yake ilikuwa imetoweka kabla hajanunua hata kilo moja ya sukari.

Bonasi si pesa ndogo kwa mkulima. Wakulima wadogo wanaouza majani yao kupitia KTDA hulipwa kila mwezi kiasi fulani kwa kila kilo. Yanayobaki baada ya chai kuuzwa na gharama kuondolewa husubiriwa mwaka mzima. Hiyo ndiyo karo ya watoto, ndiyo mabati ya nyumba, ndiyo ndama wa maziwa, ndiyo deni la dukani. Msimu huo ukifika, mkulima huhesabu siku. Na wenye kuvizia nao huzihesabu pamoja naye.

SAUTI YA ADABU

Nyanya huyo hakuvunjiwa mlango wala hakutishwa kwa panga. Simu ililia, naye akaipokea. Sauti ya kijana, yenye upole na adabu, ikamwamkia: "Chamgei, gogo." Ikamtajia jina lake kamili. Ikamsomea nambari ya kitambulisho chake, tarakimu kwa tarakimu, bila kukosea. Kisha ikamwarifu kwamba laini yake ingefungwa jioni hiyo asipoithibitisha, ikamwelekeza vitufe vya kubonyeza. Akabonyeza. Muda si muda simu ikakosa mtandao, naye akadhani ni mvua. Mjukuu wake aliporudi kutoka shuleni na kuulizia, pesa zilikuwa zimekwisha, na zaidi ya hapo mkopo ulikuwa umechukuliwa kwa jina lake. Aliyeibiwa akabaki na deni.

Hila hii si uchawi. Kadi ya simu ikipotea, mwenyewe ana haki ya kupewa nyingine yenye nambari ile ile. Tapeli hujifanya ndiye mwenye kadi. Akishapata jina, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa na pengine uthibitisho mdogo kutoka kwa mwenye simu, huifufua laini hiyo katika kadi iliyo mkononi mwake. Kadi mpya ikiamka, ya zamani hufa papo hapo. Tangu dakika hiyo kila ujumbe, hata ule wa kubadilisha nambari ya siri, humfikia mwizi.

Ikumbukwe kwamba M-PESA ilipoanza humu nchini mwezi wa Machi 2007, watu wengi waliipokea kama njia ya kumtumia mzazi pesa mashambani. Leo simu ni benki, ni kibweta, ni daftari la madeni na ni dirisha la mikopo. Kilichowekwa ndani ya simu kimekua maradufu, lakini tabia yetu ya kuishika simu haijakua nacho.

NG'OMBE HAPIGIWI SIMU

Mzee mmoja aliyevaa koti zito na kofia ndiye aliyeanza. Kwake dawa ilikuwa nyepesi. "Mimi nikipata pesa nanunua ng'ombe," alisema. "Ng'ombe hapigiwi simu."

Hoteli nzima ikaangua kicheko. Lakini mama mmoja muuza mboga hakumwachia. "Ng'ombe huugua, mzee wangu," alimjibu. "Na siku mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, utapeleka mkia shuleni?"

Kijana mmoja wa bodaboda naye akatoa simu yake na kuonyesha jumbe za asubuhi hiyo. Mmoja ulimwambia ameshinda zawadi katika shindano ambalo hakuwahi kuingia. Mwingine ulimkaribisha kwenye kamari. Wa tatu ulisema, "Ile pesa nitumie kwa nambari hii nyingine," kana kwamba alikuwa na deni la mtu. Alisema huzifuta kila siku kama anayefagia ua wenye kuku.

Mwalimu kijana akaona hapo ndipo pa kufundishia. Alisema adui ni ujinga. Aliwaeleza waliohudhuria kwamba Safaricom huwapigia wateja wake kwa nambari moja tu, 0722 000 000, na kwamba hakuna mfanyakazi halali anayeuliza nambari ya siri. Akawaambia jumbe za utapeli hupelekwa kwa 333, na aliyetuma pesa kimakosa hupeleka ujumbe wake kwa 456. Akawaonyesha kwamba ukibonyeza *106# utajua laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako, maana zipo ambazo wenye vitambulisho hawajapata kuziona.

Maneno ya mwalimu yalikuwa ya kweli, na wengi walibonyeza hapo hapo. Hata hivyo mwandishi wa makala haya hakubali kwamba ujinga ndio mzizi wote. Mwaka wa 2023 watu wa Nairobi, wengi wao vijana waliosoma, walipanga foleni katika jumba la KICC ili mashine ya kampuni ya Worldcoin ipige picha mboni za macho yao, kwa malipo ya sarafu za kimtandao zenye thamani ya takriban Sh7,000. Serikali ilisimamisha zoezi hilo Agosti mwaka huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru habari hizo zifutwe. Basi kama msomi wa mjini aliuza jicho lake, kwa nini tumcheke nyanya wa Sosiot aliyeamkiwa kwa heshima?

DAFTARI LILILO WAZI

Ndipo mtu mmoja akauliza swali lililonyamazisha vijiko. Jina la nyanya na nambari ya kitambulisho mwizi alizitoa wapi?

Macho yote yakamgeukia mama aliyeketi karibu na mlango, ambaye ni wakala wa pesa za simu. "Mnanitazama mimi?" aliuliza. Akasema yeye hajaiba kitu. Ila alikiri jambo ambalo kila mmoja amewahi kuliona: daftari. Mezani pake, anayeweka au kutoa pesa huandikwa jina, nambari ya simu, nambari ya kitambulisho na kiasi cha pesa, kisha hutia sahihi. Daftari hulala wazi juu ya meza. Anayefuata, kabla hajatia sahihi yake, amekwisha kusoma za waliomtangulia. Hapo hapahitajiki mtambo wala ujuzi. Panahitajika macho mawili.

Wakenya waliwahi kuonjeshwa uchungu wa jambo hili. Mwezi wa Juni 2021 maelfu waligundua wamesajiliwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa bila kuulizwa. Wengi walijiuliza nambari zao za vitambulisho zilichukuliwa wapi, na madaftari ya namna hii yakawa miongoni mwa yaliyonyoshewa kidole.

Sheria ipo. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamtaka kila anayekusanya habari za watu azilinde na azitumie kwa kazi aliyozichukulia tu. Wala si sheria ya kupamba kabati. Mwezi wa Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu faini ya Sh2,975,000, kwa kutumia majina na nambari za watu walizopata kwingine kuwasumbua kwa simu na jumbe za vitisho. Maana baadhi ya programu hizo zilikuwa zikiingia simuni husoma orodha ya marafiki na jamaa zako wote. Ukichelewa kulipa, aibu yako hupelekewa mama mkwe.

Lakini sheria iliyo Nairobi haifungi daftari lililo Sosiot. La kulifunga ni mkono wa mwenye meza. Yule mama alifikiri kidogo, akasema kuanzia siku hiyo atafunika majina ya juu kwa kipande cha karatasi ngumu, na mteja ataona mstari wake tu.

JINA LA MULOT

Katika mazungumzo kama haya jina la Mulot halikosi kutajwa. Mulot ni mji mdogo mpakani mwa Bomet na Narok, kando ya barabara ya kwenda Narok. Kwa miaka kadhaa sasa makachero wamekuwa wakitangaza kuwakamata vijana huko, pamoja na shehena za kadi za simu, kwa tuhuma za wizi huu wa laini. Jina la mji limekuwa mzaha wa taifa zima.

Mzaha huo una dhuluma ndani yake. Mulot wapo wakulima wa mahindi, wenye maduka na walimu ambao hawajamlaghai mtu, nao hutazamwa vibaya wakitaja kwao. Na tukisema wezi wote wako Mulot, tunajidanganya, maana wizi huu hauna mji. Lakini mzee mwenye koti aliuma neno moja lenye uzito. Alisema kinachomuuma si wizi tu, ni ile salamu. "Wapo wanaojisifu eti huwaibia watu wa mbali," alisema. "Simu haina mbali. Huyu alimwita gogo. Alitumia lugha ya mama yake kumwibia mama."

KIBUYU HAKIHIFADHIWI NA KIFUNIKO

Muda wote huo nyanya mwenyewe alikuwa kimya pembeni, mikono imeshika kikombe. Mwalimu alipomuuliza kama kuna mtu mwingine aliyeijua nambari yake ya siri, alijibu bila kusita: mjukuu anaijua, jirani anaijua, na hata wakala aliwahi kumbonyezea siku mjukuu alipokuwa shuleni. "Sijui kusoma," alisema. "Na mtoto niliyemlea mwenyewe, nimfiche kwa nini? Kuficha si tabia yetu."

Hapo, ndugu msomaji, ndipo lilipo jambo lenyewe. Twaambiwa faragha ni desturi ya wageni, na kwamba Mwafrika hana siri kwa jamaa yake. Si kweli. Mkipsigis anajua kwamba mambo ya menjo, ile nyumba ya vijana walio jandoni, hayasimuliwi sokoni. Mtu mwenye adabu haingii chumba cha wazazi wake, wala haulizi mgeni ana ng'ombe wangapi. Tulikuwa na siri nyingi, na kila siri ilikuwa na mwenyewe. Tulichokosa ni kuipa nambari ya simu mahali pake katika adabu hiyo.

Jina la mji huu lenyewe laweza kutufunza. Katika Kikalenjin, sosiot ni ule ufito wenye nyuzi kichwani unaotumiwa kusugulia kibuyu cha mursik. Mama husugua ndani ya kibuyu, akapaka masizi ya mti wa senetwet, ndipo akatia maziwa na kufunika. Kifuniko peke yake hakihifadhi maziwa. Ukikaza kifuniko juu ya kibuyu kichafu, utafungua uvundo. Nambari ya siri ni kifuniko. Usafi wa ndani ni tabia: ya mwenye simu kutoharakishwa na sauti asiyoijua, ya wakala kufunika daftari, na ya jamaa kutotaka kujua kisichowahusu.

Mwalimu alimwuliza nyanya swali moja la mwisho. Je, huko kituoni, majani yakipimwa, nani humsomea kilo zake?

Nyanya alimtazama kama aliyetukanwa. "Kilo zangu nazisoma mwenyewe," alisema. "Nani wa kunidanganya kilo?"

Basi, mama asiyejua herufi anazijua tarakimu, kwa sababu jasho lake limeandikwa kwa tarakimu miaka yote. Laini yake ilikuwa imekwisha kurudishwa, na nambari ya siri ilikuwa haijawekwa upya. Aliletewa simu mezani. Alichagua tarakimu nne moyoni mwake, si mwaka wake wa kuzaliwa, akaanza kubonyeza polepole kwa kidole kilichokwaruzwa na matawi ya michai.

Hakuna aliyeambiwa la kufanya. Mwalimu aligeuza uso. Wakala akageuza uso. Mzee akavuta kofia machoni. Na yule mjukuu aliyezoea kumbonyezea alikwenda kusimama mlangoni, akawa anatazama mvua ikinyesha juu ya majani chai, hadi bibi yake alipomwita.

Pesa zilizokwenda huenda zisirudi. Lakini kugeuza uso mwenzio anapobonyeza ni heshima ambayo haihitaji sheria wala mtambo, nasi wa Sosiot tuwafundishe watoto wetu hivyo, kama tunavyowafundisha kuamkia wakubwa.