Kondakta, Kiongozi au Mwongozaji? Istilahi ya Okestra na Maisha ya John Barbirolli

Mfasiri aandikaye juu ya muziki wa Ulaya hukabiliwa mapema na tatizo la kumtaja yule mtu asimamaye mbele ya wanamuziki, fimbo mkononi, na ambaye mwenyewe hapigi ala yoyote. Neno la Kiingereza tumekwisha likopa siku nyingi, lakini kwa kazi nyingine: kondakta kwetu ni mtoza nauli katika basi. Ikiandikwa kwamba Barbirolli alikuwa kondakta mashuhuri mjini Manchester, msomaji atakuwa na haki ya kudhani kwamba alikuwa akikata tikiti.

Wengine huandika "kiongozi wa okestra". Neno hili ni la Kiswahili fasaha, lakini lina kasoro. Katika okestra za Uingereza, mpiga fidla mkuu ndiye aitwaye kwa neno lenye maana ya kiongozi. Hao ni watu wawili wenye kazi mbili, na haifai mkataba wala programu ya onyesho iwachanganye.

Istilahi nzuri hutokana na kazi yenyewe. Basi na tuitazame kazi ya mtu mmoja. John Barbirolli alizaliwa London mwaka 1899, baba yake akiwa Mwitalia na mama yake Mfaransa. Alianza kama mpiga selo, ile ala ya jamii ya fidla ishikwayo kati ya magoti. Mwaka 1936 alikwenda Marekani kuongoza New York Philharmonic, baada ya Arturo Toscanini kuondoka. Mwaka 1943, vita vikiwa vinaendelea, aliitwa Manchester kuishika Okestra ya Hallé, iliyoanzishwa mwaka 1858. Alikuta wanamuziki pungufu ya 40, kwa kuwa wengi walikuwa wamechagua kubaki na BBC. Kwa majuma machache aliwasikiliza waombaji, akawateua na kuwafunza. Na ilipofika Julai okestra ilikuwa jukwaani. Ukumbi wake, Free Trade Hall, ulikuwa umeharibiwa kwa mabomu mwaka 1940, nao haukufunguliwa tena hadi mwaka 1951. Barbirolli alipewa hadhi ya "Sir" mwaka 1949, akaendelea na Hallé mpaka alipofariki mwaka 1970.

Maisha haya yaonyesha kwamba kupunga fimbo ni sehemu ndogo tu ya kazi. Mtu huyu huteua, hufunza, hufasiri kusudi la mtunzi, na hulinganisha sauti za wengi ziwe kitu kimoja. Kwa hiyo jina litokanalo na fimbo lisingetosha.

Tunapendekeza yafuatayo:

(a) mwongozaji wa okestra: asimamaye mbele na kuamua namna muziki utakavyopigwa. Neno hili limekwisha zoeleka katika filamu na michezo ya kuigiza, ambako kazi yake ni ya namna hiyo hiyo.

(b) mpiga fidla mkuu: aongozaye kundi la fidla. Neno "kiongozi" peke yake liepukwe.

(c) mwongozaji wa heshima: cheo cha maisha, kama kile alichopewa Barbirolli na Hallé mwaka 1968.

Neno "kondakta" libaki katika basi, ambako linaeleweka na kila mtu. Tunawaomba wasomaji, hususan walimu wa muziki na wafasiri, wayapime mapendekezo haya katika kazi zao na kutuletea maoni.