Ufunguo na Thamani Yake

Wengi wetu siku hizi tunajifunza kuandika programu za kompyuta. Wanaoanza na lugha ya PHP, iliyobuniwa na Rasmus Lerdorf na kutolewa kwa watu wote mwaka 1995, hukutana mapema na taabu moja ambayo nataka kuieleza.

Tuseme tunayo safu ya alama za mtihani: Asha 71, Juma 58, Petro 64. Majina ndiyo funguo, na alama ndizo thamani. Tunataka kila mzazi aandikiwe barua. Basi twatunga funksheni ndogo ya kuandika barua moja, kisha twaikabidhi kwa funksheni kubwa, nayo huiita mara moja kwa kila mwanafunzi. Ile ndogo ni kama karani aketiye chumba cha ndani: hajui ila kile anachopitishiwa dirishani.

Tukitumia array_map, karani hupewa alama tu. Ataandika 58, lakini mwenye 58 ni nani? Jina limo bado katika safu, ila karani hakupelekewa. Dawa yake ni kupeleka safu mbili pamoja: majina, ambayo hutolewa na array_keys, na alama zenyewe. Hapo karani atapokea jina na alama yake, jozi kwa jozi. Lakini angalieni: safu zikiwa mbili, majibu hurudi yakiwa na funguo 0, 1, 2. Atakaye kuyarudishia majina atumie array_combine.

Njia ya pili ni array_walk. Hii hupitisha thamani kwanza, ufunguo baadaye, wala haileti safu mpya. Nayo array_filter, ambayo kazi yake ni kuchagua, tangu toleo la 5.6 la mwaka 2014 yaweza kuamriwa ipitishe ufunguo peke yake, au vyote viwili, thamani ikitangulia.

Mpangilio huo si jambo dogo. Ukimfanya karani wa array_walk atazamie jina kwanza, ataandika kwamba mwanafunzi 58 amepata Juma, na kompyuta haitanung'unika hata kidogo.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kutunga funksheni ya namna hii tuulize: nani ataiita, ataipitishia nini, na kipi kitatangulia? Mzazi anayengoja barua hapati faida kwa namba isiyo na mwenyewe.