Majina ya Watu Katika Kiswahili cha Minada ya Mbulu na Hanang

Ni nadra katika Afrika ya Mashariki kupata lugha za asili nne tofauti zikiishi jirani kama ilivyo katika Mbulu na Hanang. Kiiraqw ni Kikushi; Kidatoga ni Kiniloti; Kinyaturu cha upande wa Singida ni Kibantu; nacho Kihadza cha bonde la Yaeda, chenye sauti za vidoko, hakina ndugu aliyethibitishwa. Katika minada ya Katesh, Dongobesh na Haydom, bei ya ng'ombe na ya vitunguu saumu hupatanwa kwa Kiswahili.

Kiswahili hicho huwaita watu kwa majina wasiyojiita wenyewe. Wairaqw huitwa Wambulu, kwa jina la mji wa boma. Matamshi yamesaidia, kwani Kiswahili hakina sauti ya q, wala hakipendi neno lake liishe kwa konsonanti. Jina hili si la kulaumiwa sana. Wako wengi duniani waitwao kwa mji wao.

Mang'ati ni habari nyingine. Neno hili latoka kwa Wamaasai, na maana yake ni adui. Ndivyo walivyowaita Wadatoga, ambao waliwaondoa Ngorongoro katika karne ya 19. Kiswahili kikaliokota, kikalivika kiambishi, na uwanda ulio karibu na Katesh ukaitwa vivyo hivyo. Anenaye Wamang'ati leo atamka ugomvi usio wake, na pengine hajui. Kwa majirani wa magharibi watu hao hao ni Wataturu. Wabarabaig nao ni sehemu tu ya Wadatoga, ijapokuwa mara nyingi huandikwa kana kwamba ndio wote.

Msomaji asidhani kwamba jina ni jambo dogo. Wanakijiji wa Mulbadaw, Hanang, waliposhtaki kwa ajili ya ardhi iliyochukuliwa na mashamba ya ngano ya NAFCO, walishinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo, na miongoni mwa sababu zake ni kwamba wadai hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria.

Kwa hiyo yafaa watunga kamusi waweke Mdatoga kuwa neno kuu, na Mang'ati lionyeshwe asili yake na maana yake, bila kufutwa, kwani litaendelea kusikika. Ushahidi uko mnadani penyewe: Mdatoga mwanamume atajapo jina lake, mara nyingi huanza na Gida-, na mwanamke na Uda-. Karani aandikaye risiti huyasikia hayo kila siku ya mnada.