Kifurushi kisichogusa intaneti

Anayeandika programu kwa Python akiihitaji maktaba ya requests, huandika amri moja tu: pip install requests. Sekunde chache baadaye maktaba imeshuka kutoka mtandaoni, imefuatana na nyingine nne: urllib3, idna, certifi na charset-normalizer. Kwake kazi imekwisha.

Kwa mtunza vifurushi wa Debian, mfumo endeshi ulioasisiwa na Ian Murdock mwaka 1993, kazi ndiyo kwanza inaanza. Kanuni za Debian zinakataza kifurushi kugusa intaneti wakati wa kuundwa. Mazingira ya kukiundia huanza karibu matupu, yakawekewa vile tu vilivyotajwa kwenye faili la debian/control. Ukisahau kutaja kitegemezi kimoja, hata kile cha majaribio tu, uundaji unakwama. Kwa hiyo zile maktaba nne nazo lazima ziwe vifurushi kamili, kila kimoja na leseni yake iliyokaguliwa. Kwa maktaba za lugha ya Haskell mzigo unazidi: maktaba moja ikibadilika, zote zinazoitegemea huundwa upya.

Wengi huuliza kwa nini watu wajitese hivyo. Jibu liko ndani ya certifi. Maktaba hii hubeba orodha ya mamlaka za vyeti ambazo programu inaziamini inapofungua tovuti salama. Watunzaji wa Debian wameitia kiraka kidogo: ikiulizwa orodha iko wapi, hujibu /etc/ssl/certs/ca-certificates.crt, yaani orodha ya mfumo mzima. Mamlaka ikipoteza uaminifu, inafutwa mahali pamoja, na kila programu inayoisoma orodha hiyo inaacha kuiamini.

Aprili 2014, dosari ya Heartbleed ilipofichuliwa katika OpenSSL, maktaba ya usimbaji fiche, faida ya utaratibu huu ilionekana wazi. Programu zilizotumia OpenSSL ya mfumo zilihitaji kifurushi kimoja kipya, kisha kuwashwa upya. Zilizobeba nakala zao tumboni ilibidi zisakwe moja moja. Usumbufu wa mtunza vifurushi, basi, una thamani yake.

Nawe unayeandika maktaba unaweza kumpunguzia mzigo. Weka faili la leseni, taja vitegemezi vyote pamoja na vya majaribio, na usiiache maktaba yako ipakue chochote wakati inaundwa.