Juu ya Nairobi kwa Shilingi Mia

Sisi tuliorudi Burundi baada ya miaka ya ukimbizi, wengine tunaijua Barabara ya Mombasa kuliko mitaa ya Bujumbura. Mwaka 2006, nikichuuza nguo Gikomba, kutoka Mlolongo hadi mjini nilizoea kukaa saa mbili garini. Jina lenyewe, Mlolongo, lilitokana na foleni ya malori kwenye mizani.

Safari hii nilikuwa natokea Namanga kununua mitumba. Tulipofika Mlolongo dereva akauliza: “Tupite juu au chini? Juu, kila mtu aongeze mia.” Tulikuwa abiria wanne. Mzee mmoja akakataa katakata. Nikamwomba: “Mzee wangu, lori la mizigo linaondoka saa kumi. Nikilikosa nitalala gesti siku mbili, na faida yote itaishia huko.” Akanitazama, akatoa mia.

Hiyo ya juu ina urefu wa kilomita 27, kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ilijengwa na Wachina wa China Road and Bridge Corporation na kufunguliwa kwa majaribio Mei 2022. Mwekezaji anarudisha fedha zake kwa kutoza magari kwa miaka 27, ndipo aikabidhi kwa serikali. Ndiyo maana bei haitulii: gari dogo lililokuwa likilipa shilingi 360 kwa safari nzima lilipandishiwa hadi 500 Januari 2024. Bodaboda haziruhusiwi kabisa. Mkuyu mkongwe wa Westlands uliponea kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta mwaka 2020. Miti mingine mingi haikupata mtetezi.

Tulipaa. Sikumaliza hata andazi langu, tayari nauona Uwanja wa Nyayo. Lakini tulipoteremka, foleni tuliyoiruka tuliikuta inatungoja, maana magari ya juu yanamwagika kwenye mitaa ile ile ya zamani. Mzee akanigeukia: “Haya, mia yangu iko wapi?” Sikuwa na jibu. Nikashuka, nikapanda bodaboda hadi Gikomba.

Nilifika saa kumi kasoro dakika tano. Marobota yangu matatu yakapakiwa ya mwisho.

Nikamuuliza dereva wa lori kama atapita juu. Akacheka. Kwa ushuru wanaotozwa wenye malori, alisema, heri foleni. Kwa hiyo mimi niliingia mjini kwa juu, mzigo wangu ukatoka kwa chini, na saa moja usiku alinipigia simu bado yuko Barabara ya Mombasa.