Neno la Kiingereza «spend» na neno letu «kutumia»

Miongoni mwa maneno ya Kiingereza ambayo wanafunzi wetu hudhani wameyajua tangu mwaka wa kwanza, spend ni mojawapo. Mwalimu huandika ubaoni «spend, kutumia», nao hunakili, na jambo limekwisha. Kumbe ndipo taabu ianzapo. Kutumia kwetu ni neno pana: twatumia jembe, twatumia dawa, twatumia fedha. Mwingereza ameligawa shamba hilo. Kwa jembe na dawa husema use. Kwa fedha itokayo mkononi isirudi husema spend.

Kwamba si jambo dogo tulipata kulishuhudia katika usharika mmoja. Mtunza hazina, mtu mwaminifu, aliwaandikia wafadhili wa ng'ambo taarifa ya fedha kwa Kiingereza. Alianza kwa kusema kwamba yeye, fulani, used shilingi 400,000 za kanisa. Habari za bati na misumari zilikuja ukurasa wa pili. Nia yake ilikuwa kusema kwamba fedha imetumika kwa kazi iliyokusudiwa. Wao walisoma mtu anayeungama kwamba amejisaidia kwa mali ya kanisa. Au, kama tusemavyo sisi, amezila. Barua zikaenda na kurudi miezi mitatu, na yule mzee muda huo wote hakuja barazani kwa haya. Stakabadhi zote zilikuwamo, hata ya msumari wa mwisho. Kosa lilikuwa la neno moja, nasi tuliomfundisha Kiingereza chake hatukuwa na la kujitetea.

Asili ya neno hili yafaa kujulikana. Latokana na Kilatini expendere, maana yake kupima kwa mizani na kutoa, nalo liliingia katika Kiingereza cha kale kabla ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066. Zamani malipo yalipimwa kwa uzito, ndiyo sababu pauni ni jina la uzito na la fedha pia. Wasomaji watakumbuka jinsi Ibrahimu alivyompimia Efroni shekeli 400 za fedha, katika Mwanzo 23. Tena katika Isaya 55:2, mahali ambapo Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina spend, neno la Kiebrania ni kupima, na wafasiri wale waliliandika hivyo pembezoni mwa ukurasa. Wajerumani nao walilipokea neno hilo hilo la Kilatini, lakini kwao spenden ni kutoa sadaka au msaada; matumizi ya kawaida huyaita ausgeben, yaani kutoa nje. Kutumia kwetu kwaonekana kuwa mtoto wa kutuma. Basi Mlatini aliipima fedha, Mjerumani huitoa nje, nasi twaituma kama mjumbe. Ingawa wajumbe wengine hawarudi na majibu.

Wahubiri na waangalie jambo moja. Katika Luka 15 Kiingereza hicho cha mwaka 1611 kina maneno mawili: aya ya 13 ina wasted, ndiko kutapanya, na aya ya 14 ina spent, yaani fedha imekwisha. Kuna wanaoihubiri aya ya 14 kana kwamba neno lenyewe lina lawama. Halina. Kitenzi cha Kiyunani kilichomo ni kile kile kilichomo katika Marko 5:26, katika habari ya mwanamke aliyemaliza mali yake kwa waganga, naye hakufuja kitu. Na katika Luka 10:35 Msamaria amwahidi mwenye nyumba ya wageni kumlipa gharama itakayozidi, kwa kitenzi cha shina hilo hilo. Mwana mpotevu, mgonjwa na Msamaria wote watatu wanasemwa kwa shina moja. Hatia ya yule mwana imo katika kutapanya kwake na katika mwenendo wake, wala haimo katika kutumia.

Tuje kwenye wakati. Mwingereza hu-spend siku na miaka kama atoavyo shilingi. Hapa mwanafunzi huteleza upande wa pili, akirudi katika Kiswahili. Siku hizi twasikia, «Nilitumia siku mbili Dodoma.» Ya nini kusema hivyo, na lugha yetu ina maneno bora? Aliyekuwako mchana ameshinda. Aliyekuwako usiku amelala. Asiyefumba macho amekesha. Aliyekuwako siku mbili amekaa siku mbili. Kiingereza hakina kitenzi kimoja cha kushinda kwa maana hiyo, hivyo huazima kile cha fedha. Na mwalimu asipoonya, mtoto aliyeshinda kwa mjomba wake ataandika kwamba alimshinda mjomba. Hatusemi kwamba «kutumia wakati» ni kosa daima. Mtu aweza kutumia wakati wake vizuri au vibaya, kama chombo. Lakini kukaa mahali si kutumia.

Katika sentensi, mtu ndiye atendaye spend, na kitu kilichonunuliwa, au mtu aliyefanyiwa gharama, hufuata neno on: I spent 5,000 shillings on books; she spends a lot on her children. Wengi huandika to, wakifuata mwisho wa kitenzi chetu katika kumtumia. Anayepokea malipo ana kitenzi pay. Kitu chenyewe kikiwa ndicho kitendacho, neno ni cost, ambalo lalingana vema na kugharimu: kitabu kimenigharimu shilingi 5,000. Kwa wakati, kitenzi kifuatacho huchukua -ing, bila to: we spent the morning weeding.

Wakati uliopita ni spent, wala si spended. Kwa kuwa wengi wetu hatutamki d na t za mwishoni mwa neno bila kuongeza irabu, spend na spent husikika kuwa moja darasani, spendi na spenti, au zote mbili spen. Imla ya maneno hayo mawili, mara kumi kwa juma, hufaa kuliko maelezo.